Kata mgomba mmoja, using'oe shamba lote
Maoni juu ya kuhama Windows kwenda Linux, kwa wale wanaochora, wanaopanga vitabu na wanaokata video



Kuna mabishano yamezuka kati yetu vijana tuliosoma, na leo nataka kuyaingilia. Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Hata ule muda wa nyongeza waliowapa watu binafsi unaishia mwezi wa kumi 2026. Mashini nyingi tulizonazo huku ni za okazioni, zilifika mikononi mwetu zikiwa zimeshazeekea kwa mtu mwingine, na Windows 11 inazikataa: inataka prosesa ya miaka ya karibuni na kile kijisehemu cha usalama wanachokiita TPM 2.0. Kwa hiyo kila anayefanya kazi ya afishi, michoro, sauti ao video anajiuliza: nibaki, ao nihamie Linux?

Kundi la kwanza linasema: hama leo, futa yote, uwe huru. Kundi la pili linasema: mtu wa kazi ya kweli hashiki vitu vya bure, bila Photoshop wewe uko mwanafunzi tu. Mimi nimeshakaa pande zote mbili. Naona wote wanabishana juu ya mashini, na shida iliyotuumiza sisi ilikuwa kwenye faili. Niwaelezee kwanza ile iliyotupata, kisha tuhukumu pamoja.

Mwaka 2023, mimi na wenzangu wawili wa promosyo tulitengeneza kabuku ka kurasa 16 juu ya mnyauko wa migomba. Waliosoma agronomia wanaujua. Ni ugonjwa wa bakteria. Ulijulikana kwanza Ethiopia, na hapa Kongo ulionekana kwanza huku kwetu Masisi, mwaka 2001. Hauna dawa ya kunyunyiza. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, na ukikata shina unaona usaha wa manjano hafifu unatoka. Zamani tuliwaambia wakulima wang'oe shina lote na watoto wake wote, kazi ya kuvunja mgongo, na wengi waliiacha. Siku hizi tunafundisha njia nyepesi: kata ule mgomba mmoja wenye dalili, usawa wa udongo, mara tu unapouona. Panga lipitishe kwenye moto ao kwenye jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ua dume livunje kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa panga. Kila hatua tuliichora, juu mama wengi wa ushirika hawasomi, ila wanaangalia picha vizuri kuliko sisi.

Kabuku tulikapanga kwa programu moja maarufu ya kupanga vitabu. Siitaji jina, juu kosa lilikuwa letu: ilikuwa ya kukrakiwa. Kwa asiyejua, programu ya kukrakiwa ni ile watu wamevunja kufuli lake ili isidai malipo. Tulichapa nakala chache za kujaribia, tukazigawa, tukasema tutatafuta pesa ya kuchapa zingine.

Mwezi wa pili 2024 mapigano yakakaribia Sake, tukatoka. Nilibeba godoro, sufuria na flashi shingoni. Kompyuta ilibaki, na sijaiona tena.

Kule Goma nilienda na ile flashi kwenye kibanda cha sekretaria, pale wanapochapaka barua na kutoa fotokopi. Kijana wa pale akabonyeza, akangoja, akaniangalia.

— Yaya, faili inakataa. Ilitengenezwa na versio ya mbele kuliko hii yetu.

— Basi weka ile ya mbele.

— Nitaitoa wapi? Hii yenyewe ni ya kukrakiwa, rafiki njo aliniletea.

Nilizunguka vibanda vinne. Kila kimoja kilikuwa na versio yake, na hakuna iliyolingana na yetu. Mwaka 2025, watu walipoanza kurudi mashambani, mama mmoja wa ushirika akanisimamisha barabarani: «Mwanangu, kale kabuku kenu kalifika wapi? Migomba yangu inageuka manjano.» Kazi yetu yote nilikuwa nayo mfukoni, na sikuweza kumpa hata ukurasa mmoja. Nilimwelezea kwa mdomo, pale barabarani, nikichora kwa mikono hewani.

Kitu kimoja tu kilifunguka. Mwenzetu mmoja alikuwa na mashini dhaifu sana, haikuweza kubeba zile programu nzito, na michoro yake miwili aliifanya kwa Inkscape. Tulimcheka wakati ule. Faili zake ziliandikwa kwa SVG, namna ya kuhifadhi mchoro ambayo kanuni zake ziko wazi kwa watu wote. Ndani yake ni maandishi: hata ukiifungua kwa kile kiprogramu kidogo cha kuandika, utaona maneno yako na namba za mistari. Ile michoro miwili ilifunguka kwenye kila mashini niliyojaribu, mpya na ya zamani. Michoro mingine na maandishi yote vilibaki ndani ya faili lililofungwa.

Tangu hapo nina kipimo kimoja ninachotumia kwa programu yoyote ya kazi ya ubunifu: kazi ninayoifanya leo, nani ataweza kuifungua miaka mitano mbele, na kwa mashini gani? Nikiyasikiliza makundi yetu mawili kwa kipimo hiki, kila moja naona mahali linaposema kweli na mahali linapojidanganya.

Tuanze na wale wa Photoshop. Ni kweli, ile programu ni nzuri. Aliyeizoea anafanya kwa dakika kumi kitu ambacho kwa GIMP nakifanya kwa nusu saa. Ni kweli pia kwamba matangazo mengi ya kazi ya mawasiliano ninayoyaona Goma yanadai uijue. Sitamdanganya mdogo wangu anayetafuta kazi kwamba haina faida.

Lakini tuseme ukweli juu ya hiyo Photoshop tunayojivunia. Tangu 2013 Adobe iliamua kwamba versio mpya za programu zake haziuzwi tena mara moja. Zinakodishwa, unalipa kila mwezi ao kila mwaka, kwa kadi. Nani kati yetu ana kadi ya kulipia hiyo kila mwezi, na hapa Goma mabenki yalifunga milango mwanzoni mwa 2025? Kwa hiyo sisi tukisema «natumia Photoshop», maana yake mara nyingi ni kwamba tunatumia ile rafiki aliyotuletea kwa flashi, ya mwaka aliyoipata, pamoja na virusi alivyovipata. Hatuwezi kuisasisha. Hatuwezi kumwita mtu ikiharibika. Kila kibanda kina yake, na faili la huyu halifunguki kwa yule. Tunajiita watu wa kiwango cha dunia, kumbe tumejenga kwenye kiwanja cha mtu bila hati, na mwenye kiwanja hata hatujui.

Na wanaofanya kila kitu kwa simu wasicheke. Usiku wa kuamkia tarehe 19 mwezi wa kwanza 2025, TikTok ilipozimwa kule Marekani, CapCut nayo ilizimika huko, juu zote ni za kampuni moja, ByteDance. Zilirudi baada ya muda mfupi. Lakini fikiria mtu aliyekuwa katikati ya kazi ya mteja usiku ule. Hakuwa na vita mlangoni, umeme ulikuwepo, simu ilikuwa mpya, na bado alifungiwa nje kwa sababu ya mabishano ya wakubwa.

Sasa tuje kwa wahubiri wa Linux, na hapa nitakuwa mkali zaidi, juu ni upande wangu.

Hoja yao wanayoipenda ni filamu ya katuni inayoitwa Flow. Hadithi ya paka katika dunia iliyofurika maji, bila neno hata moja kusemwa. Mwongozaji wake ni Gints Zilbalodis wa Latvia. Mwezi wa tatu 2025 ilipata Oscar ya filamu bora ya katuni, mbele ya Inside Out 2 na The Wild Robot, kazi za studio kubwa za Marekani. Na ilitengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo hata mimi na wewe tunaweza kuwa nayo leo. «Unaona? Bure imeshinda!»

Polepole. Blender ilikuwa bure, lakini filamu ilikula yuro milioni kama tatu na nusu na miaka zaidi ya mitano. Programu haikumchorea paka wake. Ukimpa mtu asiyejua kuangalia paka Blender ao programu ya maelfu ya dola, paka atatoka mbaya vilevile.

Kwangu somo la Flow liko pengine. Zilbalodis alikuwa mhamiaji. Filamu yake iliyotangulia, Away, ya 2019, aliifanya karibu peke yake kwa Maya, programu ya kulipia. Aliimaliza kwanza. Kisha, akianza kazi mpya, akahamia Blender. Hakuhama katikati ya mavuno. Na alihama kwa sababu ya namna yake ya kufanya kazi: EEVEE, ile sehemu ya Blender inayotoa picha haraka, ilimruhusu kuzungusha kamera ndani ya dunia yake na kuona mwanga papo hapo, ao karibu hivyo. Vijana wetu wanamtaja kila siku, lakini hawamuigi. Wanafuta Windows siku ya Jumatatu wakiwa na kazi ya mteja ya Ijumaa.

Kosa la pili la wahubiri ni kusema kwamba vitu hivi ni sawasawa. Si sawasawa. Nitoe mfano wa rangi, juu kwetu rangi ilikuwa na uzito. Kioo cha kompyuta kinatengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na bluu. Mashini ya kuchapa inatumia wino nne: samawati, waridi, manjano na nyeusi. Rangi inayong'aa kwenye kioo inaweza kutoka ya udongo kwenye karatasi. GIMP 3.0, iliyotoka mwezi wa tatu 2025, imepiga hatua kubwa. Sasa unaweza kurudi na kubadilisha ulichokiweka juu ya picha bila kuharibu picha ya chini. Lakini bado kazi yenyewe inafanyika kwa rangi za mwanga. Inkscape vilevile. Krita inajua wino nne, na Scribus, ya kupanga kurasa, inajua. Kwa hiyo anayechapa afishi ya harusi atavumilia. Sisi tulikuwa tunachora usaha wa bakteria, na ile manjano hafifu njo dalili yenyewe. Ikitoka ya kahawia, mkulima atakosa kuutambua ugonjwa, ao atakata mgomba mzima. Mtu akikwambia «GIMP ni Photoshop ya bure», muulize kama ameshachapa kitu.

Kosa la tatu ni hilo neno «bure». Jina la Ubuntu, ile Linux inayojulikana sana, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alilitoa kwenye lugha za Kibantu za kwao, akimaanisha utu, na versio ya kwanza ilitoka mwaka 2004. Huku kwetu, jirani zetu wanaosema Kinyarwanda wakitaka kusema bure wanasema «ku buntu», basi watu wanasikia Ubuntu wanacheka: kumbe jina lenyewe linasema hailipiwi! Lakini mtu wa Mubambiro anailipa. Linux Mint ni karibu giga tatu za kupakua, na mega tunazilipa wenyewe, kwa umeme ambao unakuja na kuondoka. Faida yake kwetu iko kwingine: akipakua mmoja usiku, anaweza kutugawia wote kwa flashi na hakuna aliyeiba. Tunakuwa na versio moja, sisi sote. Kama vile vibanda vinne vya Goma vingekuwa na programu ya namna hii, ningefungua kabuku kangu siku ileile.

Na kuna jambo lingine ambalo bure peke yake haileti. Mwaka huohuo 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maneno yote ya Kiswahili, katika mradi walioupa jina Kilinux. Programu yenyewe ilikuwa wazi kwa yeyote kuitafsiri. Sisi huku tunabonyeza vitufe vya Kifaransa tangu mwaka wa kwanza wa chuo, na tunamfundisha mdogo wetu wa kijijini kwa kutafsiri mdomoni. Hiyo kazi inatungoja.

Basi tufanye nini? Mimi ni mwanaagronomia, nitajibu kama mwanaagronomia. Tuhame vile tunavyowafundisha mama kutibu migomba: kata ule unaoumwa, acha mingine isimame ikuzalie chakula.

Maana yake, kwanza, kabla ya kuhama popote, fungua kazi zako za zamani leo, wakati programu yake bado inafunguka, na utoe nakala iliyo wazi: kurasa kwa PDF, michoro kwa SVG, sauti kwa WAV, maandishi peke yake kwenye faili la maandishi matupu. Hii haikugharimu mega hata moja. Kama tungeifanya mwaka 2023, tusingepoteza kitu.

Pili, baki kwenye Windows yako na ubadilishe programu moja tu. Inkscape, Krita, GIMP, Scribus, Kdenlive, Audacity, Blender, zote zinaingia pia kwenye Windows. Wengi wetu tumeshafanya hivi bila kujua: wakati wa memwari ramani za mashamba tulichora kwa QGIS, na hakuna aliyelia. Chagua ile inayokuumiza zaidi, ihamishe, umalize nayo kazi moja kamili, toka mwanzo mpaka kwenye karatasi. Anayekata video kwa mashini dhaifu aangalie kwanza Kdenlive: inaweza kukutengenezea nakala nyepesi za video zako, ukate hizo, kisha yenyewe irudie zile nzito mwishoni.

Tatu, siku utaona kwamba programu zote unazotumia kila siku ziko pia kwenye Linux, siku hiyo njo uhame mfumo. Anzia kwenye flashi, bila kufuta kitu. Linux Mint inakubali kujaribiwa hivyo, na mashini ya giga nne za RAM inaitosha. Kama kuna programu moja inayokushika, ya mteja ao ya kazi, bakisha Windows pembeni kwa ajili yake na usione haya.

Nne, safisha panga. Flashi zetu ndizo panga la shamba hili. Zinaingia kwenye mashini ya sekretaria, kisha ya rafiki, kisha ya kwako, na kila moja inaacha virusi vyake. Uwe na flashi moja ya kuchapia tu, isiyobeba kazi yako ya pekee.

Na kuna jambo moja ambalo mtu peke yake hawezi. Kukata mgomba mmoja mmoja kunasaidia kama majirani nao wanakata. Ukisafisha shamba lako na jirani ameacha, nyuki watakurudishia ugonjwa. Vivyo hivyo mimi nikihifadhi kwa SVG na wenzangu wote wananitumia faili zilizofungwa, nitarudi kulekule. Ndiyo maana naomba chama chetu kikubaliane jambo dogo: kila afishi, kila kabuku, kila ripoti inayofanywa kwa jina letu, ibaki pia na nakala iliyo wazi, kwa watu watatu wanaokaa sehemu tatu tofauti. Hatujui nani atatoka nyumbani kwake na flashi shingoni, na nani atatoka bila.

Kabuku tunakarudilia sasa. Kurasa kumi ziko tayari, michoro kwa Inkscape na Krita, mpango kwa Scribus. Ukurasa wa tisa, ule wa usaha, nimeuchapa mara tatu. Wiki iliyopita nilimpelekea yule mama, akaushika karibu na macho, kisha akauweka kando ya shina alilolikata asubuhi.

«Hii yenu ni ya kijani», akasema. «Ya kwangu hapana.»

Niko naurudilia tena. Faili zote ziko wazi. Mwenye flashi safi na aje.